Uzi: Faini bila risiti tunalia, mkutano wa mtaa hatuendi. Wakazi wa Dar tuongee haki na wajibu

Mkazi wa Tabata (mleta uzi)

Wakuu, salamu kwenu.

Humu ndani kila wiki kuna uzi wa mtu kaonewa: kalipishwa faini bila risiti, mwanawe kazuiwa kupanda daladala, mwenye nyumba kampandishia kodi bila hata kumwita wakaongea. Na kila wiki kuna uzi mwingine wa kuwasema wananchi: wanatupa taka mtaroni, wanavuka barabara popote, wanang'oa vifuniko vya chemba wakauze chuma chakavu. Nyuzi hizi zinapishana kama hazijuani. Mimi naona ni jambo moja.

Katiba ya 1977 yenyewe imeweka haki na wajibu sehemu moja. Haki ziko ibara ya 12 hadi 24, wajibu ibara ya 25 hadi 28. Tena hizo haki hazikuwepo tangu mwanzo. Ziliingizwa kwa mabadiliko ya 1984, na ilipofika 1988 ndipo mtu akaweza kwenda nazo mahakamani. Mzee wa miaka 60 hapo mtaani kwako alimaliza shule ya msingi nchi haina orodha ya haki ya kumpeleka mbele ya jaji. Usishangae akikwambia, "Nyamaza mwanangu, serikali haina ugomvi na mtu aliyetulia."

Dai langu ni hili: hapa mjini haki nyingi hatunyang'anywi, tunaziuza wenyewe ili yaishe. Buku mbili kwa mgambo yaishe. Buku tano kwa anayegonga muhuri, barua itoke leo. Halafu pale ambapo mambo yetu yanaamuliwa bure kabisa, yaani mkutano mkuu wa mtaa, hatutokei.

Mtaani kwetu uliitishwa Jumapili. Turubai moja, viti vya plastiki vya kukodi, spika inakoroma kama ina mafua. Ajenda tatu: taka, mtaro, ulinzi shirikishi. Ukiwatoa wajumbe, waliojaa pale ni wazee na akina mama. Vijana wako ng'ambo ya barabara, kibanda umiza, mechi imeanza. Mwenyekiti akasoma kiwango kipya cha mchango wa ulinzi, akasema wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono ikanyooka, imepita. Mama mmoja anayeuza mihogo akasimama: "Kabla ya huo mpya, tusomewe mapato na matumizi ya ule wa zamani." Kimya. Mtendaji wa mtaa akapekua daftari mbele, akapekua nyuma, akasema yatasomwa mkutano ujao.

Jioni kwenye grupu la WhatsApp la mtaa matusi yalimiminika. Wote waliotukana hawakuwepo. Dar ilihesabiwa watu 5,383,728 kwenye sensa ya 2022, na mambo ya mtaa mzima yanaamuliwa na watu wanaoenea chini ya turubai moja.

Haya, karibuni. Nikosoeni.

Kijana wa Goba

Mkuu, nimekusoma hadi mwisho ila hapa sikubaliani na wewe. Unaongea kama kiongozi kwenye sherehe: "Timizeni wajibu wenu kwanza ndipo mdai haki." Huo wimbo tumeusikia tangu tukiwa na kaptura za kaki.

Katiba haisemi hivyo. Ibara ya 14 inasema kila mtu ana haki ya kuishi. Haikuongeza "iwapo amelipa ada ya taka". Anayetupa takataka mtaroni apigwe faini, sawa, lakini akifikishwa kituoni hapigwi makofi. Asiyekwenda mkutanoni bado ana haki ya kujua pesa zimekwenda wapi. Ukianza kuviuza kwa mizani, hiki kwa kile, wenye nguvu ndio watakaoshika mizani.

Mkazi wa Tabata (mleta uzi)

Hapo umenena, na sijasema mtu anunue haki kwa wajibu. Nasema haki isiyo na mtu wa kuidai inabaki kwenye karatasi, na kuidai nako ni kazi. Soma ibara ya 26. Kifungu cha kwanza kinamtaka kila mtu atii Katiba na sheria. Cha pili kinampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha Katiba na sheria vinalindwa. Ibara moja, utii na kudai vimekaa pamoja. Yule mama wa mihogo alikuwa anafanya vyote viwili kwa sentensi moja.

Mtu wa Kortini

Naongezea kwa ajili ya huyo mama. Mtendaji akiendelea kupekua daftari, kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Raia anaandika ombi, anataja taarifa anayoitaka, na ofisi inatakiwa imjibu kwa maandishi ndani ya siku 30. Si lazima ueleze unaitakia nini. Andikeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, mbaki nayo. Bila muhuri huo mtaambiwa haikufika.

Mama Mkubwa wa Buguruni

Wanangu hamjambo. Mimi nataka kusema la barua ya utambulisho. Hiyo ndiyo inayotutoa jasho. Benki wanaitaka, kitambulisho cha Taifa wanaitaka, kumdhamini mtu polisi wanaitaka. Unaanza kwa mjumbe, akuandikie kikaratasi, ndiyo uende ofisi ya mtaa. Mjumbe hayupo, kaenda msibani Kibiti. Siku imeisha.

Kijana wa Goba

Shikamoo mama. Hapo kwa mjumbe ndipo tunapozungushwa. Mjumbe, yaani balozi wa nyumba kumi, ni kiongozi wa chama, ni mfumo wa shina la CCM, hayumo kwenye ngazi za serikali. Serikali ya mtaa ni mwenyekiti na kamati tuliyoipigia kura, mara ya mwisho Novemba 27, 2024, pamoja na afisa mtendaji ambaye ni mwajiriwa. Ofisi ikikutuma kwa mjumbe ni kwa sababu mjumbe anakufahamu na mtendaji hakufahamu. Ni mazoea. Mtu mwenye kitambulisho na jirani wa kumshuhudia hana sababu ya kusubiri mtu arudi Kibiti.

Mama Mkubwa wa Buguruni

Marahaba baba. Ila mtendaji hanifahamu kwa sababu gani, na mimi nipo hapa tangu Buguruni ina minazi?

Mkazi wa Tabata (mleta uzi)

Mama, swali zuri sana hilo 😀 Na kuhusu ile "ya muhuri" wanayoiomba: malipo halali ya serikali yanakuja na kontroli namba (namba ya kumbukumbu ya kulipia) na risiti. Ukiombwa pesa mkononi, omba kontroli namba kwa upole kabisa. Nimeona watu wakiambiwa ghafla, "Basi mama, chukua tu barua yako."

Konda Mstaafu

Nimesubiri mfike kwenye daladala, naona mnakwepa. Ngoja niseme mimi niliyening'inia mlangoni Mbagala hadi Kariakoo.

Mwanafunzi nauli yake ni 200. Mtu mzima analipa mara tatu yake au zaidi. Mimi jioni nina hesabu ya bosi, nina mafuta, kuna dereva, kuna tandiboi wa zamu. Gari likijaa sare saa kumi na mbili asubuhi, hesabu haitimii, na bosi haulizi kwa nini. Kwa hiyo konda anaweka mkono mlangoni: "Wanafunzi wawili tu, wawili!" Msinitukane, nawaeleza inavyokuwa.

Lakini nikwambieni kilichokuwa kinaniuma. Gari zima la watu wazima, wengine wana watoto wa umri huohuo, wanaangalia dirishani. Hakuna anayesema kitu. Siku abiria mmoja tu akisema, "Konda, waache watoto wapande au na sisi tunashuka," nilikuwa naondoa mkono bila ubishi. Konda anaogopa abiria kuliko anavyomwogopa trafiki, ila abiria hawajui.

Dada wa Kimara

Konda Mstaafu, Mungu akubariki kwa ukweli huo. Vipi kukatisha ruti? Mmeandika ubavuni mnaishia kwingine, tunashushwa njiani usiku.

Konda Mstaafu

Kukatisha ruti ni kosa na wanajua ni kosa. Ruti imepewa leseni na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, gari linatakiwa lifike mwisho. Chukua namba ya gari, saa na kituo, ripoti LATRA. Nauli yako daini hapohapo kabla hamjatawanyika, wote kwa pamoja. Mmoja mmoja hamuipati. Na nyie abiria, nauli toeni mapema na chenji, msisubiri kushuka ndiyo unatoa noti ya elfu kumi kwa safari ya jero (mia tano) na kitu.

Mtu wa Kortini

Niruhusuni niandike kuhusu polisi, maana inbox yangu imejaa maswali hayo na mengi yanafanana. Haya yapo kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20.

Anayekukamata anatakiwa akuambie anakukamata kwa kosa gani. Ukishakuwa chini ya ulinzi, muda wa msingi wa kukuhoji ni saa 4, na kuuongeza kuna utaratibu wake. Una haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Kama kosa si lile zito na haiwezekani kukufikisha mahakamani ndani ya saa 24, unatakiwa upewe dhamana ya polisi. Dhamana haina bei. Anayekwambia "dhamana ni laki" anakuuzia kitu kisichouzwa, na TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wana namba ya bure, 113.

Maelezo yako usiyasaini kabla ya kuyasoma. Kama husomi vizuri au huna miwani, sema usomewe, na kama kuna neno hukusema lirekebishwe palepale. Hapa ndipo kesi nyingi zinapopotea. Mtu kachoka, ana njaa, anataka kwenda nyumbani, anasaini kurasa tatu ambazo hajui zina nini. Baadaye mahakamani anasema "sikusema hivyo", na saini yake iko pale chini ya kila ukurasa. Wakikupekua wakachukua simu au mzigo, vilivyochukuliwa viandikwe na upewe risiti yake.

Kwa upande wako: ukiulizwa jina na unapoishi, toa vya kweli. Usimsukume askari. Usianze na "unanijua mimi ni nani?" Sijawahi kuona hiyo sentensi ikimsaidia mtu.

Fundi Geji

Kaka, yote hayo mazuri, lakini kituoni ukianza kutaja sheria si ndiyo unazidi kukaa ndani? Nauliza kwa mtu aliyeyaona.

Mtu wa Kortini

Inatokea, sitakudanganya. Ndiyo maana jambo la kwanza si kubishana, ni mtu wa nje kujua uko wapi. Ndugu akifika na kukuulizia kwa jina, kuna tofauti kubwa. Aulize kwa mkuu wa kituo. Ikishindikana kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, malalamiko yanapokelewa bila ada. Na kwa asiye na uwezo wa wakili kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wasaidizi wa kisheria wapo hadi kwenye kata. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii, wanawajua.

Na kwa kuwa tumefika hapa, niguse jambo ambalo humu watu wanalifanyia mzaha. Ikipigwa kelele ya "mwizi!" sokoni, mnageuka mahakama kwa dakika tano. Tofali, tairi, mtu amekufa, kisha mnarudi kuchagua nyanya. Ibara ya 13 inasema mtu asitendewe kama mwenye hatia mpaka ithibitike. Raia anaruhusiwa kumkamata mtu aliyemwona akitenda kosa, ila amfikishe kwa polisi bila kuchelewesha. Aliyepigwa akafa kwa kusingiziwa simu ana mama yake pia. Kama huwezi kuwazuia wenye tofali, una simu, piga 112.

Dada wa Kimara

🙏🏾

Mzee wa Bonde

Mimi ni wa zamani huku Msimbazi. Maji ya Desemba 2011 nimeyaona, na watu wakahamishiwa Mabwepande, baadhi yao baadaye wakarudi. Kwa hiyo mnapoongelea mtaro mimi nasikiliza kwa sikio lingine.

Mvua ikikoleza usiku hapa kwetu, kuna watu wanasikilizia. Ikishaanza kutiririka barabarani wanatoka na sururu, wanatoboa chemba ya choo kwa nyuma, wanatapisha. Maji yanabeba. Kwao kumepungua, na wameokoa pesa za gari la majitaka. Sisi wa chini tunaamka na kinyesi cha Vingunguti na Buguruni sebuleni. Watoto wanachezea, wiki inayofuata kuhara. Kosa hili sheria ya afya ya jamii inalo, maafisa afya wapo, lakini afisa afya hatembei saa nane usiku kwenye mvua. Anayemwona jirani yake akitapisha ni jirani.

Nimewahi kumwuliza mmoja. Akasema, "Mzee, serikali haijatuletea bomba la majitaka." Kweli, haijaleta. Hilo ni deni la serikali na nitalisema mbele ya yeyote. Lakini kati yake na serikali nimeingiaje mimi na godoro langu?

Kijana wa Goba

Mzee, shikamoo. Kwa hili sina la kujibu. Ila mitaro nayo ni vipande vipande. Inaanza vizuri, inaishia kwenye ukuta wa mtu mwenye gorofa, maji yarudi yalikotoka. Tukilaumu chupa za maji tu tutawaacha waliojenga juu ya mkondo.

Mzee wa Bonde

Marahaba. Na ukuta huo una kibali? Kaulize. Hiyo nayo ni taarifa ya kuombea ile barua ya siku 30.

Mwenye Duka Sinza

Nimepita kimya, ila mmetugusa kwenye risiti. "Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti", wote tunaijua. Sheria inambana hata mnunuzi asiyedai. Kinachotokea dukani ni hiki: mteja anauliza bei, namwambia laki moja na kumi na nane, anasema, "Na bila risiti?" Ni yeye anayeniuliza. Halafu mteja huyohuyo kesho analia kwenye grupu kwamba zahanati haina dawa. Simtetei muuzaji anayeficha mashine chini ya kaunta, naye anaiba VAT ya 18% aliyokwishaipokea. Nasema tu huo mchezo una wachezaji wawili.

Fundi Geji

Sawa bosi, na ile mashine ambayo kila nikija "haina mtandao"?

Mwenye Duka Sinza

😂 Ikikosa mtandao inahifadhi, karatasi inatoka. Ukiambiwa haina mtandao, mwambie atoe hiyohiyo.

Mpangaji wa Mbezi

Samahani wakuu, mnaongelea mambo makubwa, mimi nina dogo linalonikera kila mwezi. Kodi ya jengo imo kwenye Luku, umeme wa kulipia kabla. Nyumba ni ya mwenye nyumba, kwa nini nakatwa mimi? Tuko wapangaji sita, mita moja. Ikifika tarehe 1 hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kununua umeme, maana wa kwanza ndiye anayekatwa. Juzi tumekaa giza hadi saa nne usiku tunaviziana, kila mtu anasema kwake bado kuna mshumaa.

Mwenye Duka Sinza

Hahaha, hii ipo nyumba nyingi. Kodi ya majengo ilihamia kwenye Luku mwaka 2021, ikaanza na 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 1,500. Gorofa wana hesabu yao kwa kila sakafu. Mdaiwa ni mwenye jengo. Mita haimjui nani ni nani, inamkata anayenunua. Kwa hiyo hiyo ni pesa yenu kwa mwenye nyumba, mnatakiwa mrudishiwe.

Mpangaji wa Mbezi

Nikimdai atasema nihame. Dalali analeta mwingine kesho, na miezi sita analipa mkupuo.

Dada wa Kimara

Usimdai peke yako. Sisi tulikuwa wapangaji wanne. Tulipiga picha zile meseji za tokeni, inaonyesha kabisa kilichokatwa ni kiasi gani, tukazikusanya, tukamwendea wote Jumapili baada ya kanisa akiwa na moyo mweupe. Mwaka mzima ni 18,000. Akacheka, akasema hata hakujua. Labda alijua. Tukaandika kwenye mkataba: anayekatwa anatuma picha ya meseji, mwenye nyumba anamrudishia 1,500 kwa simu siku hiyohiyo, na gharama ya kutuma ni yake.

Mkazi wa Tabata (mleta uzi)

Hiyo ya kwenye mkataba nimeipenda. Mpangaji wa Mbezi, una mkataba wa maandishi?

Mpangaji wa Mbezi

Nina risiti ya dalali tu.

Mtu wa Kortini

Basi anza na huo. Kurasa mbili zinatosha: kodi, muda, notisi ya kupandisha na ya kuhama, nani analipa nini kwenye Luku, maji na taka. Mashahidi wawili, kila upande nakala yake. Mkija kugombana, baraza la kata siku hizi ni la usuluhishi tu, limeondolewa mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi tangu 2021, na linapewa siku 30 kuwapatanisha. Msipoelewana mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na swali la kwanza mtakaloulizwa pale ni mkataba uko wapi.

Mpangaji wa Mbezi

Nimeelewa mkuu. Nawaita wenzangu watano leo jioni. Umeme umebaki yuniti 3.